Sindano Iliyopanda Yenyewe

1

Siku tatu kabla ya ukaguzi niliishiwa magadi. Yasingekwisha, ningestaafu nikiwa mtu mwenye heshima zake, na mawingu ya Zuhura yangeendelea kuchemshwa kila siku kama chai ya harusi.

Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji wa maji wa mji wa Kishada. Kila asubuhi, kabla bomba hata moja halijafunguliwa, nilichota bika moja ya maji ya wingu, makali kiasi cha kutoboa kiatu, nikayadondoshea maji ya magadi tone kwa tone huku nikisoma sindano ya pH inavyopanda. Inaanzia karibu na sifuri, inakwenda moja, mbili, tatu, mpaka inafika saba, mahali ambapo asidi na besi zimezimana na hakuna iliyobaki ikifoka. Kwa idadi ya matone yangu, Fundi Rwegasira alijua mitambo yake itie besi kiasi gani kwenye tani arobaini za siku hiyo. Nikizidisha, watu mia nne na kumi na wawili wanakunywa sabuni. Nikipunguza, wanapoteza meno. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyepoteza jino kwa ajili yangu, ila mzee mmoja tu, na lile lilikuwa la bandia.

Magadi tuliletewa kutoka nyumbani, yale yale ya kulainishia maharage, mapande ya kijivu tunayoyatwanga kwenye kinu na kuyakoroga. Wapimaji wa miji mingine inayoelea hapa Zuhura hutumia besi ya maabara, yenye lebo na kizibo. Lakini Kishada iliasisiwa na watu wa ushirika, na mtu wa ushirika haleti cha dukani kama kuna cha ziwani.

Kasoro ya magadi tuliijua. Hayayeyuki sawasawa. Ukitonesha ukaacha kidogo, ukageuka kupiga chafya, ukirudi unakuta sindano imepanda yenyewe, kutoka moja nukta tatu hadi moja nukta sita, na wewe hujaongeza kitu. Ni chembe zilizobaki chini zinaendelea kufanya kazi, ndivyo tulivyoambizana. Aliyenifundisha kazi hapa, miezi ya mwanzo ya mji, alinipa na dawa yake: tonesha haraka, usisubiri, na kama grafu bado ina kigongo, kilainishe kwa penseli. Shuleni tuliita kupika. Nimepika grafu kila siku kwa miaka kumi na moja na kila moja nimeitia sahihi, tena kwa mbwembwe, maana sahihi yangu ina mkia mzuri.

Basi asubuhi ile Rwegasira akaingia maabara na gunia tupu begani.

"Da Siku, magadi yamebaki ya jikoni tu. Na Bi Zuwena amesema atakayeyagusa hayo atamjua yeye ni nani."

"Sasa nipimie nini? Mate?"

Akacheka, akaniwekea mezani chupa ya kioo iliyofungwa kwa lakiri. "Hii imetangulizwa na Mkaguzi. Besi safi. Anataka uitumie mbele yake siku ya ukaguzi, kwa hiyo bora uizoee."

Nikaipokea kwa dharau kidogo. Nikajaza bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye koki chini, nikaanza. Tone, tikisa, soma. Besi ilikuwa safi kama machozi, hakuna chembe, hakuna tope. Nilipofika moja nukta tatu Rwegasira akanisimulia kituko cha mtu wa bustani aliyejifungia ndani ya chumba cha mbolea, nikasahau mkono wangu hewani. Tulipomaliza kucheka, sindano ilikuwa moja nukta sita.

"Koki inavuja," nikasema.

Haikuvuja. Nikabadilisha bureti. Nikaosha bika mara tatu. Nikaipima sindano yenyewe kwenye maji ninayoyajua kiwango chake, ikasema kweli tupu. Nikaanza upya, nikafika moja nukta tatu, nikaweka mikono yote miwili mgongoni kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Sindano ikapanda.

Nikagawa maji ya wingu mafungu mawili. Fungu moja nikaliacha bichi, la pili nikalichemsha, nikalifunika, nikalipoza. Katika lile bichi sindano ilipanda tena. Katika lile lililochemshwa nilisubiri nusu saa, na haikusogea hata unywele.

Nilikaa chini. Kitu kinachofanya kazi kikiwa kibichi na kinaacha kikichemshwa, hata mgandisha mtindi anakijua: kina uhai. Magadi ya watu yalikuwa yamesingiziwa miaka kumi na moja.

2

"Wanafanya nini humo?" Rwegasira aliuliza. Alikuwa ameinamia bika mpaka pua yake ikagusa kioo, kana kwamba wangempungia mkono.

"Wanatengeneza amonia. Amonia ni besi. Asidi ikiwazidi, wanaizima kidogo kidogo pale walipo, waweze kupumua."

"Yaani wanafanya kazi yako."

"Na hawaniombi cheti."

Alicheka sana, na mimi nikacheka, maana furaha nayo ilikuwepo, nisiseme uongo. Wanadamu wamehangaika kutafuta uhai huku na huku kwa mitambo yenye ukubwa wa uwanja wa mpira, na mimi nimeukuta kwa bureti. Nilitamani kupiga kelele dirishani, ingawa nje hapakuwa na wa kusikia, mawingu ya manjano tu mpaka macho yachoke.

Kisha Rwegasira akaacha kucheka, nikajua amefika pale nilipofika mimi saa moja iliyopita. Yeye ndiye msimamizi wa Jiko Kuu. Nyavu za Kishada hunasa matone ya wingu, Jiko Kuu linayachemsha, halafu besi inamalizia. Tani arobaini kwa siku.

"Da Siku," akasema polepole, "mimi nimewapika wangapi?"

Nikamshika bega, tukaenda kwa mwenyekiti wa mji, Bi Zuwena.

Tulimkuta jikoni kwake anasonga ugali. Ni mama wa Pangani, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mji huu aliuomba kwa miaka tisa kabla haujajengwa. Alinisikiliza bila kuacha mwiko. Nilipomaliza akaepua sufuria, akafuta mikono.

"Kifungu cha Saba," akasema.

"Ndiyo, Bi Zuwena."

Kila mtu wa Kishada anakijua Kifungu cha Saba cha kanuni za leseni, watoto wanakiimba wakiruka kamba. Popote patakapoonekana uhai usio wa duniani, uvunaji utasimama na binadamu wataondoka.

"Na ukitonesha haraka hawaonekani?"

"Hawaonekani. Wanahitaji dakika mbili tatu. Nikiwapita mbio, grafu inatoka laini."

"Basi mwanangu, tonesha kama ulivyotonesha siku zote. Hakuna anayekuomba uongo mpya."

Rwegasira akakohoa. Mimi nikasema, "Wako hai, Bi Zuwena."

"Hata wakiwa malaika. Wao wana mawingu ya sayari nzima, sisi tuna mji mmoja. Hapa wamezaliwa watoto sitini na watatu ambao dunia wanaiona kwenye picha. Nikawaambie nini? Fungeni virago, Bi Siku amesubiri sindano?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji. "Sikulazimishi. Mkono ni wako. Lakini nilitaka ujue nani yuko upande wa pili wa huo mkono."

Nilitaka awe mbaya, ingekuwa rahisi. Hakuwa. Akatupakulia ugali na dagaa wa kukaanga, tukala, na kwa aibu nakiri niliongeza.

3

Ukaguzi wa leseni hutokea mara moja kila miaka kumi na moja, na watu wa Kishada, ambao hata kubadilisha taa ni sherehe kwao, walijaa ukumbini na mikeka, vitumbua na chupa za chai. Sindano yangu iliunganishwa na ukuta mkubwa wa mbele ili kila mtu aisome. Waliokaa nyuma walikuwa wameshaanza kubashiriana itaishia ngapi.

Mkaguzi aliitwa Lwitiko Mwakalukwa, mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya kuchosha. Aliamkia wazee wote mmoja mmoja. Kisha akaweka mezani bika zake mwenyewe, bureti yake mwenyewe, na besi yake iliyobaki.

"Bi Sikudhani, karibu. Vipimo vitatu. Naomba vikubaliane, kwa mujibu wa kanuni."

"Vitakubaliana," Bi Zuwena akajibu kutoka mstari wa mbele, kabla sijafungua mdomo.

Nikaanza. Tone, tikisa, soma. Ukutani sindano ikasema sifuri nukta tano, sifuri nukta nane. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti, kama vile mpira unaelekea golini. Moja. Moja nukta moja. Moja nukta mbili. Vidole vyangu viwili vilikuwa kwenye koki, na kila kitu nilichokipenda kilikuwa ukumbini humo kimekaa kwenye mikeka.

Moja nukta tatu.

Nikifungua koki nikaachia mchirizi, mstari unapita laini, tunapiga makofi, tunakula vitumbua. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, nasema wazi. Niliamka nikiwa nimeamua hivyo. Lakini nilipotazama bika nikakumbuka ile niliyoichemsha siku tatu nyuma. Ile niliichemsha bila kujua. Nikitonesha haraka leo, basi kesho tani arobaini zitakuwa za makusudi, na keshokutwa, na sahihi yenye mkia mzuri itakuwa chini yake kila siku.

Nikafunga koki. Nikarudisha mikono mgongoni.

"Bi Sikudhani?" Mkaguzi akauliza. "Kuna tatizo?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Dakika ya kwanza ikapita, mtu akakohoa. Dakika ya pili ikapita, na sauti ya binti mdogo kutoka kwenye mkeka wa mbele ikasema, "Imepanda!" Mama yake akamziba mdomo, lakini watu wote walikuwa wameshaona. Moja nukta nne. Moja nukta tano. Mkaguzi akainama akachungulia koki, akaigusa kwa kidole, kikatoka kikavu. Moja nukta sita.

"Humu ndani kuna viumbe," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Kuna viumbe hai, Mheshimiwa. Wanatengeneza besi yao wenyewe. Ukiyachemsha maji, hawafanyi tena, kwa sababu wanakufa. Nimewaona kwenye sindano kila siku kwa miaka kumi na moja, nikasema ni magadi, nikawafuta kwa penseli. Grafu zangu zote nimezipika."

Kisha mzee mmoja nyuma kabisa akauliza, kwa hofu ya kweli, "Yaani tumewanywa?" na nusu ya ukumbi ikaangua kicheko, kile cha watu wasiojua wafanye nini kingine.

Mkaguzi hakucheka. Alirudia kipimo mara mbili kwa mkono wake, akachemsha fungu moja, akapima tena. Ilichukua saa mbili na hakuna aliyeondoka. Alipomaliza alivua miwani. Aliniomba cheti changu, nikakitoa ukutani na fremu yake, akakitoa kwenye fremu na kukichana vipande viwili, bila hasira, kama mtu anayetimiza wajibu.

"Kwa kupika vipimo," akasema. "Na kwa kusubiri leo, nakushukuru kutoka moyoni. Ni mambo mawili tofauti, Bi Sikudhani."

Nililia kidogo. Cheti kile kilisomewa maulidi nyumbani kwetu Muheza nilipokuwa naaga.

Kisha akageuka kuukabili ukumbi, akasafisha koo, na wote tulijua kinachofuata ni Kifungu cha Saba. Lakini Bi Zuwena alikuwa ameshasimama.

"Fundi Rwegasira," akaita, "nenda kazime Jiko Kuu."

Watu wakaguna. Mkaguzi akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kutoa amri hiyo."

"Umechelewa, baba. Hii ni amri ya Kishada." Akavuta pumzi. Nilijua inamgharimu, mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. "Wenzangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa kwa watu miaka kumi na moja, tumekula, tumeoga, tumezaa, hata hodi hatukupiga. Na jembe hatujashika. Mimi mwenyewe juzi nilimwambia Siku afumbe macho, na mbele yenu nasema nilikosea. Kama tutaondoka, tutaondoka. Lakini kabla ya hapo nataka kujua jembe la hapa likoje."

Mkaguzi aliifungua kanuni yake. Akasema Kifungu cha Saba kinatoa siku tisini za kujiandaa, na hakisemi ndani ya siku hizo mtu ajiandae kwa lipi. Maji yaliyokuwa kwenye matangi yangetosha, lita mbili kwa kila mtu kwa siku. Chombo cha kuhamisha watu kingefika siku ya tisini. Kama kabla ya hapo Kishada ingepata maji ya kunywa bila kuua kiumbe hata mmoja, angeandika barua ya kuomba tubaki.

"Na kama hatukupata?" mtu akauliza.

"Mtapanda chombo," akasema, na alionekana kusikitika kweli.

4

Kilichofuata kilituchekesha wiki nzima. Siku ya pili Mkaguzi alifunga sanduku lake aende zake, Rwegasira akamkuta mlangoni na kitabu cha kanuni mkononi.

"Mheshimiwa, Kifungu cha Kumi na Tatu. Maji hayatanyweka mjini bila sahihi ya kila siku ya mpimaji mwenye cheti."

"Naam, nakijua, nilishiriki kukiandika."

"Mwenye cheti alikuwa mmoja. Ukamchania."

Lwitiko alisimama pale na sanduku lake. Katika Kishada nzima mwenye cheti sasa alikuwa yeye tu. Chombo chake kikaondoka bila yeye, na jioni Bi Zuwena akamtandikia kitanda, akamwambia glavu za kazi ziko nyuma ya mlango.

Wazo lenyewe lilikuwa la Rwegasira, mtu aliyekuwa na deni la roho, na deni la aina hiyo humfanya mtu asilale. Kama viumbe wanaizima asidi wenyewe, kwa nini tuchemshe? Tuwape nafasi, waizime mpaka mwisho, halafu tuchuje maji tukiitoa chumvi, wao tuwarudishe winguni wakiwa salama. Katika bika walikuwa wanaacha kwenye moja nukta sita kwa sababu walikuwa wanaishiwa kitu. Amonia hutokana na naitrojeni, na naitrojeni iko kwenye hewa tunayopumua. Tukachukua tangi la kioo la bustani, tukaliweka ukumbini, tukatia maji ya wingu lita mia mbili, tukapitisha mapovu ya hewa ya mji chini yake, tukaweka taa.

Wiki ya kwanza sindano ilifika moja nukta tisa ikalala. Tuliwapa mapovu makubwa mno, walikuwa wanatikiswa kama maharage kwenye ungo. Tukapunguza. Wiki ya tatu ikafika mbili nukta nane, Rwegasira kwa furaha akaongeza taa tatu, wakanyamaza siku nne nzima, na yeye akakaa kando ya tangi anawaomba radhi kwa Kihaya. Lwitiko alikuwa anasoma sindano kila saa, anaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Mwanzoni alikuwa akija, anasoma, anaondoka.

"Hapana," nilimwambia. Sikuwa na cheti lakini mdomo ninao. "Ukifika, sindano inakuwa bado inatetemeka kwa sababu umetikisa sakafu. Kaa. Tulia. Isome ikitulia."

"Kwa kawaida mimi ndiye huwafundisha watu kusoma sindano, Bi Sikudhani."

"Kwa kawaida mimi ndiye hupika. Wote tumebadilika."

Alikaa. Baadaye alileta kigoda chake mwenyewe. Kufikia siku ya hamsini alikuwa anajua majina ya watoto wote sitini na watatu, anacheza bao na Rwegasira na kushindwa kila mara, na hakuna aliyeoga vizuri kwa muda mrefu kiasi kwamba hatukusikiana tena harufu. Sindano ilikuwa nne nukta mbili. Siku ya sabini, tano nukta tano. Tuliona namba hizo tukilala na tukiamka. Bi Zuwena alianza kufunga virago kimyakimya, sanduku moja kwa siku, ili watu wasishtuke, na kila mtu aliona akajifanya hakuona.

Siku ya themanini na nane ndiyo ilikuwa ya mwisho kwetu, maana saa sita mchana chombo cha kuhamisha watu kingevuka mahali ambapo hakiwezi tena kugeuza. Barua ya Lwitiko ilikuwa tayari, imebaki namba moja na sahihi. Kanuni inasema maji ya kunywa yasiwe chini ya sita nukta tano.

Saa tano na dakika ishirini mji mzima ulikuwa umelizunguka tangi. Hakuna mkeka, hakuna kitumbua. Sindano ilikuwa imetulia kabisa kwenye sita nukta nne.

Lwitiko alishika kalamu. Akaitazama sindano, akatazama watoto, akamtazama Bi Zuwena aliyekuwa amefumba macho na midomo yake inacheza dua. Kisha akaniinamia sikioni. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Bi Sikudhani," akanong'ona, "ni nukta moja tu. Hakuna atakayedhurika kwa nukta moja. Niandike ngapi?"

Mungu anajua nilivyotaka kumwambia sita nukta tano. Nyumba yangu ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Nilijua kabisa namna ya kufanya, na mkono wangu ungeifanya vizuri kuliko wake.

"Andika unachokiona," nikasema.

Akaandika sita nukta nne. Akaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie, na mtu fulani nyuma yangu akaanza kulia. Hakuna aliyemlaumu Lwitiko. Bi Zuwena alifumbua macho, akakaa sakafuni na kuvuta mtoto mmoja mapajani, na wengine wakakaa pia, mstari kwa mstari, taratibu, ili sakafu isitikisike. Tukakaa hivyo watu mia nne na kumi na watatu, tukitazama mapovu yakipanda.

Saa sita kasoro dakika nne sindano ikasogea.

Nilidhani ni macho yangu. Ilisogea kama mtu anayegeuka usingizini, ikapita alama, ikatetemeka juu ya sita nukta tano. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, watu wanarukiana, Rwegasira amekumbatia tangi analibusu, Bi Zuwena anapiga kelele, "Mheshimiwa, tia sahihi! Tia sahihi, baba, dakika tatu!"

Lwitiko Mwakalukwa, mtu aliyekuwa ameniomba uongo nusu saa tu iliyopita, aliinua mkono wake mrefu kutunyamazisha. Kalamu ilikuwa hewani, na macho hayakubanduka kwenye sindano.

"Jamani mnatikisa sakafu," akasema. "Kaeni kwanza, itulie."

Na sisi tukakaa.